Uzito Niliouandika Bila Kuupima

Gunia nililiona kwa macho yangu. Nililipokea kwa mikono hii miwili, nikalifungia stoo, na ufunguo wa stoo nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mizani niliiona pia, na nambari iliyosimama juu yake niliisoma mwenyewe mbele ya hakimu na watu waliojaza mabenchi. Maneno ya mzee mmoja kutoka mahali paitwapo Ziwa niliyasikia yakitoka kinywani mwake, wala si kinywani mwa mtu wa pili. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine yaliyosemwa mjini Eldoret juu ya jambo hili, kwamba nilivuta, kwamba niliuza, kwamba nilikuwa nikinyunyiza kwenye chai ya saa nne, nililetewa kama mlivyoletewa nyinyi, na wengi wa walioyaleta hawajawahi kukanyaga mahakama ile hata kwa kupotea njia. Nitayataja pale yanapohitajika, lakini kila mara nitawaambia: hili nililiona, hili niliambiwa.

Nawaandikia vijana wa aina mbili. Wa kwanza ni nyinyi mnaoajiriwa sasa kuwa makarani wa mahakama, mnaokuja na vyeti vizuri na viatu vyepesi. Wa pili ni nyinyi mnaotembea mjini na msokoto mmoja wa bangi mfukoni, mkiamini kwamba sheria huanza kuhesabu ikifika miwili. Kwa miaka mingi nilikuwa mtunza vielelezo, yaani karani anayehifadhi vitu ambavyo kesi zinavitegemea: panga la mtu, baiskeli ya mtu, na mara nyingi sana bangi ambayo, kwa maelezo ya aliyekamatwa nayo, haikuwa ya mtu yeyote.

Hili la mwisho linahitaji somo fupi. Kushtakiwa kwa kupatikana na dawa za kulevya si jambo la kukutwa nazo tu. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba kitu kilikuwa mikononi mwako au chini ya mamlaka yako, na kwamba ulijua kipo. Kujua ndiyo nguzo ya nyumba. Washtakiwa wengi huambiwa hivyo wakiwa rumande na wenzao, kisha huja kizimbani na elimu hiyo nusu nusu. Nilimshuhudia kijana mmoja akikana shtaka kwa sauti ya ushujaa.

"Mheshimiwa, hiyo suruali si yangu. Niliazima kwa jirani."

Mwendesha mashtaka akauliza, "Na kitambulisho kilichokuwa mfuko wa pili wa suruali hiyo ni cha nani?"

Kijana akafikiri. "Hicho ni changu."

"Kiliingiaje katika suruali ya jirani?"

"Nilikiweka nisikipoteze."

"Kwa hiyo mifuko uliichunguza."

"Ule mmoja tu, Mheshimiwa. Ule mwingine niliuheshimu."

Hakimu aliandika jibu hilo lote. Nilimwona akiinama zaidi ya ilivyohitajika, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kwamba alikuwa akicheka siwezi kuapa, kwa sababu uso wake sikuuona.

Mwingine alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chepkoilel. Huyu hakukana. Alieleza mahakama kwa upole, kama anayemsaidia mwalimu, kwamba kiasi alichokuwa nacho kinaruhusiwa. Hakimu akamwuliza ameisoma wapi sheria hiyo. Akajibu kwamba aliambiwa na mwenzake wa chumba. Mwenzake naye alijuaje? Ana binamu anayesomea sheria. Binamu anasomea wapi? Binamu yule, ilivyobainika, alikuwa bado anasubiri nafasi ya kujiunga. Niwaambieni wazi: kiasi kinachoruhusiwa hakipo. Bangi ya kutumia mwenyewe ina adhabu yake, ambayo siku hizi ni nafuu kuliko zamani, nayo ni kifungo kisichozidi miaka mitano au faini. Lakini ni wewe unayepaswa kuiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yako peke yako. Dawa kali zaidi adhabu yake hupanda kwa gramu, na ikipanda haitanii. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi. Msiniamini. Kaisomeni wenyewe, sheria huchapishwa, na haina binamu.

Kwa kuwa adhabu inaweza kutegemea gramu, mtu anayeshika mizani ameshika miaka ya mwenzake. Hilo nilifundishwa na Mzee Wanyonyi, karani niliyemkuta kazini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na alifundisha huku akila mahindi ya kuchemsha, punje moja moja, bila haraka. Aliniambia siku ya kwanza, "Ukiletewa mbuzi, usiandike mbuzi mpaka uhesabu miguu." Nilidhani ni mzaha. Akaniongoza hadi stoo, akanionyesha daftari la vielelezo, akaweka kidole juu ya safu ya uzito. "Hapa unaandika ulichopima. Huandiki polisi alichopima. Huandiki kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Kalamu yako isimeze kitu ambacho jicho lako halijatafuna." Alikuwa na kisa kimoja cha mbuzi halisi, kielelezo katika kesi ya wizi wa mifugo, aliyefungwa karibu na kielelezo cha kesi nyingine kilichokuwa cha majani. Kisa hicho ni kizuri sana. Lakini sikuwapo, kwa hiyo sitakiendeleza.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Mzee Tuwei alikuwa mkulima wa mahindi kule Ziwa, na kila asubuhi alileta maziwa ya majirani mjini kwa pikapu yake. Siku moja ya mvua kubwa alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, na nyuma ya mitungi ya maziwa likatolewa gunia la nailoni lililojaa bangi. Konstebo aliyemkamata alipima bangi hiyo kituoni jioni ileile, bila gunia, akaandika kilo nne na gramu mia mbili. Sampuli ilipelekwa kwa Mkemia wa Serikali, na ripoti ikarudi ikisema ni bangi. Hapo hapakuwa na ubishi. Utetezi wa Mzee Tuwei ulikuwa mmoja tu: hakujua. Alisema mtu asiyemfahamu alimkabidhi gunia hilo siku ya soko, akamwomba aliteremshe katika duka fulani mjini, naye aliamini ni nyasi za ng'ombe.

Nawakumbusha ile nguzo ya nyumba. Kama hakujua, hana kosa.

Gunia lilikaa kituoni wiki kadhaa kabla ya kuletwa kwangu. Liliingia ofisini Jumatatu moja, dakika chache kabla ya saa nne. Mnafanya kazi zenu sasa penye mkahawa uliojaa vyakula hadi jioni. Sisi tulikuwa na mama mmoja wa chai nyuma ya jengo, na mandazi yake yalikuwa yakiisha saa nne na robo. Nililiinua gunia. Mkono haukulalamika. Nawaambia ukweli, na ni ukweli unaoniumiza: niliona kwamba lilikuwa jepesi kwa kilo nne. Lakini mizani ilikuwa juu ya kabati, hati ya mashtaka ilikuwa mezani, na mandazi yalikuwa yakipungua. Nikanakili: kilo nne na gramu mia mbili. Nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri. Mandazi nilipata mawili.

Kesi ilisikizwa, ikaahirishwa, ikasikizwa tena, kama kesi zifanyavyo. Wakili wa Mzee Tuwei alikuwa Bwana Odhiambo, mtu mwembamba, mwenye sauti ya kuombea radhi hata anapokukata kichwa. Siku ambayo gunia liliwekwa mezani kama kielelezo aliinuka polepole.

"Mheshimiwa, ningeomba tu, kwa unyenyekevu, kitu hiki kipimwe hapa."

Hakimu, mama ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akaniashiria. Nikaleta mizani, nikaisafisha kwa leso, nikaiweka sawa, nikamimina bangi yote kwenye beseni ambalo uzito wake nilikwisha kuutoa. Mshale ukayumba, ukatulia. Nikausoma kimoyomoyo. Nikausoma tena.

"Karani, soma kwa sauti."

"Kilo moja na gramu mia tatu, Mheshimiwa."

Mabenchini mtu akasema, "Karani amekula!" Mwingine akamsahihisha, "Hajakula, amepuliza!" Kicheko kilichozuka kiliwafanya hata askari wa mlangoni watazame viatu vyao. Hakimu aligonga meza mara moja kwa kidole, na kimya kikarudi.

"Karani."

"Mheshimiwa."

"Daftari linasema ulipokea kilo nne na gramu mia mbili. Sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ulipima?"

Vijana, kati ya swali hilo na jibu langu kulikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha uongo wa ukubwa wowote. Niliuona uongo umesimama pale, umevaa vizuri, ukiniita kwa jina. Lakini nilikuwa nimewasikiliza waongo kwa miaka mingi na nilijua jinsi wanavyoonekana wakitazamwa kutoka mezani pa karani.

"Sikupima, Mheshimiwa. Nilinakili."

Bwana Odhiambo akakohoa kwa adabu. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, ama karani ni mwizi, ama daftari ni mwongo. Upande wa utetezi utaridhika na lolote kati ya hayo."

Hakimu aliniagiza nikabidhi ufunguo. Ile kamba ya kiatu ilikwama masikioni. Niliivuta mbele ya umma ule wote kama mtu anayevuliwa hatamu. Kisha akatoa amri yake. Kesi ingerudi baada ya wiki mbili. Ningetoa maelezo chini ya kiapo. Nikishindwa kueleza zilikokwenda kilo mbili na gramu mia tisa, jalada langu lingekabidhiwa wapelelezi, na mimi ningesomewa mashtaka ya kuiba kielelezo nikiwa mtumishi wa umma, na ya kupatikana na bangi juu yake. Ningesimama katika kizimba ambacho nilikuwa nimekifuta vumbi mwenyewe.

Wiki hizo mbili ndizo zilizonifundisha uvumi ni nini. Nilipofika nyumbani siku ile, uvumi ulikuwa umefika mbele yangu na umeketi. Jumapili mke wangu, Mama Naliaka, alirudi kutoka kanisani akaweka Biblia mezani bila kuvua kitambaa.

"Leo wamekuombea."

"Wameniombea nini?"

"Uache."

"Niache nini?"

"Hawakutaja. Waliinamisha vichwa tu. Mama Mchungaji alilia."

"Na wewe uliwaambia nini?"

"Nilisema amina. Ningesema nini, Baba Naliaka? Ningepinga maombi?"

Duka letu la mtaani ni la Bwana Hassan, mtu mtaratibu, ambaye tumejuana tangu wanawe wakiwa wa kubebwa. Niliagiza paketi mbili za biskuti kwa ajili ya wajukuu. Alizifunga kwa huruma. "Pole, Mzee," akasema. "Nasikia inaleta njaa." Kwenye steji ya bodaboda kijana mmoja ambaye hakuwahi kunisalimu tangu azaliwe aliniita pembeni, akaniamkia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee. Umebakisha kitu kidogo?"

"Kitu gani?"

"Ile mali ya korti. Nasikia ni ya kutoka milima ile ya mbali. Ati ni safi."

Nilimwambia ajitokeze mahakamani siku ya kesi awe shahidi wa hayo anayoyasikia. Alipanda pikipiki yake, akaenda bila abiria.

Nilitafuta pia ukweli, kwa njia ninayoijua. Mbele ya aliyekabidhiwa ufunguo, nilikagua kufuli: halikuguswa. Nilikagua dirisha la stoo: utando wa buibui ulikuwa mzima, na buibui mwenyewe alikuwapo. Panya? Panya huacha mavi, na sikuyaona. Konstebo aliyepima alikuwa amehamishiwa Lodwar, na barua ya kumwita ilikuwa bado njiani. Nilikwenda kwa Mzee Wanyonyi, aliyekuwa amekwisha kustaafu, anaishi karibu na kituo cha Plateau, nje ya mji. Alinisikiliza hadi mwisho, akatafuna punje kadhaa.

"Ulihesabu miguu?" akauliza.

"Sikuhesabu."

"Basi hujui kama alikuwa mbuzi." Akanikaribisha mahindi. Faraja nyingine hakuwa nayo, na mimi sikuistahili.

Siku ilifika. Nilipanda kizimba cha mashahidi, nikaapa kwa kitabu kilekile nilichokuwa nikiwashikia wengine. Mabenchi yalikuwa yamejaa hadi watu wakaketi kwa zamu. Bwana Odhiambo akaanza kwa ile sauti yake ya mazishi.

"Karani, wewe huvuta?"

"Sivuti."

"Hata sigara?"

"Hata moshi wa kuni hunikohoza."

"Ufunguo wa stoo ulikuwa na nani?"

"Nami peke yangu."

"Usiku na mchana?"

"Hata bafuni."

"Basi hizi kilo mbili na gramu mia tisa, Karani, zilitoka zikitembea kwa miguu?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba sikuzipima zikiingia. Siwezi kuapa kwamba ziliingia."

Nilijua jinsi jibu hilo linavyosikika. Ningelisikia kutoka kwa mshtakiwa, ningeinamisha uso kuficha kicheko. Bwana Odhiambo akaligeukia jopo la hewa, maana hakimu alikuwa mmoja tu, akaomba mshtakiwa aachiliwe. Kielelezo kilichopo mezani, alisema, si kile kilichokamatwa; mtunzaji wake ameshindwa kukieleza; na mteja wake, mkulima mzee asiyejua hata majani hayo yanafananaje, anateseka bure. Mwendesha mashtaka alifunua karatasi zake kama mtu anayetafuta mlango. Mzee Tuwei alikuwa amebakiza hatua moja arudi Ziwa. Mimi nilikuwa nimebakiza hatua moja nichukue nafasi yake.

Lakini Mzee Tuwei alikuwa amekasirika. Tangu wakili aanze kunihoji nilikuwa nikimwona akitikisa kichwa. Mtu akitaja kilo zilizopotea, anatikisa. Mwendesha mashtaka alipochota majani kidogo akayarudisha mezani, mzee alifumba macho kama aliyeona mtoto akimwaga maziwa.

"Mheshimiwa, naomba niongee."

"Mzee, keti," akanong'ona wakili wake.

"Nimeketi ya kutosha. Hii maneno inaniuma."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mzee Tuwei, una wakili. Si lazima useme neno lolote. Ukisema, nitaandika. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama. Andika tu. Andika pole pole." Akasimama wima, akashika ukingo wa kizimba kama mtu aliyeshika mpini wa jembe. "Huyu karani hajaiba. Nyinyi wote mnakula ugali na hamjui mahindi. Ukivuna mahindi na mvua, ukaweka kwa mizani, unapima nini? Unapima maji! Peleka hiyo mahindi depo ya nafaka ya serikali uone. Watatia mkono ndani ya gunia, watakurudisha nyumbani. Unaanika, unageuza, unaanika. Gunia tatu inarudi mbili. Sasa hizo zingine zimeibwa na nani? Na jua?"

Mtu mmoja mabenchini akasema, "Kweli kabisa." Watu wa kwetu Uasin Gishu hata kortini hawawezi kunyamaza mahindi yakitajwa.

"Mzee," akasema Bwana Odhiambo, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuomba radhi, "tafadhali."

"Ngoja nimalize, wakili, wewe umesoma lakini hujalima. Mheshimiwa, hii kitu ilikatwa asubuhi mvua ikinyesha. Ilikuwa maji tupu. Ikikauka ni lazima irudi kilo moja na kidogo. Mimi mwenyewe nilipokuwa naiweka kwa gunia nilijiambia, hii ikikauka ni kilo moja na robo. Na angalieni! Kilo moja na gramu mia tatu. Hizo gramu zimezidi ni kwa sababu mmeweka kwa stoo haina hewa. Bado iko na unyevu."

Alitazama huku na huku kama mtu aliyefunga hoja. Hakimu alikuwa akiandika. Alimaliza sentensi, akaweka nukta; niliisikia ile nukta.

"Mzee Tuwei. Ni nani aliyekuwa anaiweka kwa gunia?"

Mzee alimtazama wakili wake. Bwana Odhiambo alikuwa akitazama dari, ambako hakukuwa na kitu.

"Ni mimi," akasema Mzee Tuwei.

"Na yule mtu wa sokoni?"

Alifikiri kwa muda, kwa uaminifu, kama anayemtafutia mtu yule mahali pa kukaa. "Huyo mtu," akasema mwishowe, "hakuna, Mheshimiwa."

Neno la mshtakiwa pekee halikutosha kunisafisha, na ni vizuri halikutosha. Hakimu alifunua jalada, akarudi nyuma, nyuma zaidi, hadi fomu ya kupelekea sampuli kwa mkemia, iliyojazwa na yule konstebo siku ya pili baada ya kukamatwa. Palipoulizwa hali ya kitu kinachopelekwa, konstebo alikuwa ameandika: majani mabichi, yamelowa. Fomu hiyo ilikuwa katika jalada lile siku zote. Mwendesha mashtaka hakuisoma, wakili hakuisoma, na mimi niliyelibeba jalada lile kutoka kabatini hadi mezani sijui mara ngapi sikuisoma.

Nilirudishiwa ufunguo, pamoja na onyo la maandishi ambalo ninalo hadi leo, ndani ya kava la nailoni. Mzee Tuwei alipatikana na hatia. Akitoa hukumu, hakimu alisema kwamba sheria ingemruhusu kwenda mbali zaidi, lakini amezingatia kwamba mshtakiwa alisema kweli saa ileile uongo ulipokuwa umekaribia kumfikisha nyumbani. Alimpa miaka miwili. Alipokuwa akiteremshwa alipita karibu na meza yangu, akasimama, na askari akamwacha asimame.

"Karani, igeuze. Itaota kuvu."

Nikasema, "Nitaigeuza, Mzee." Na niliigeuza, kila juma, hadi amri ya kuiteketeza ilipotolewa. Kabla ya kuteketezwa niliipima: kilo moja na gramu mia mbili na arobaini.

Tangu siku hiyo sikuandika nambari ambayo sikuiona. Nyinyi sasa mna mizani ya dijitali inayotambua hata feni ikiwashwa, na kila kielelezo hupigwa picha kikiingia. Vizuri. Lakini mashine haizuii mtu kunakili. Kitu kibichi andikeni kwamba ni kibichi. Kikikauka kipimeni tena mbele ya mwenye kesi. Someni kila karatasi ya jalada, hasa ile ambayo kila mtu anadhani mwenzake ameisoma. Na kitu kikiwa chepesi mkononi, aminini mkono, mandazi yangoje.

Kwa nini Mzee Tuwei alisema yale? Nimesikia majibu mengi. Wengine husema alinihurumia. Wengine husema ni kiburi cha mkulima tu, hakuweza kuvumilia watu wazima wakibishana juu ya kukauka bila kujua kukausha. Wapo wanaosema hakuelewa alichokuwa akikikiri, na hao sikubaliani nao, maana nilimwona akifikiri. Nasikia pia kwamba gereza alilopelekwa lina shamba, na kwamba msimu ule mahindi yao hayakurudishwa na depo hata gunia moja. Sikuwako. Silijui.

Ninachokijua ni hiki. Alipomaliza kifungo alikuja ofisini kwangu asubuhi, amevaa koti safi, amekonda kidogo. Amri ya mahakama ilikuwa imesema bangi iteketezwe. Juu ya gunia haikusema lolote.

"Nimekuja kuchukua gunia yangu," akasema.

Nilimpa kiti. Nikamletea gunia, limekunjwa, lina lebo yenye nambari ya kesi. Nikamwuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo. "Mzee, kwa nini ulisema?"

Alikuwa amelikunjua gunia, amelinyanyua mbele ya dirisha, anachungulia mwanga.

"Iko na tundu hapa. Haikuwa na tundu."

"Daftari linasema gunia moja."

"Haisemi tundu?"

Nikafungua daftari. Halikusema. Nikatia kidole kwenye tundu, nikahakikisha ni moja. Kisha nikaishusha mizani, nikaisafisha, nikaliweka gunia juu yake, na Mzee Tuwei akasogeza kiti ili aone mshale. Tulingoja wote wawili hadi ukatulia. Nikaandika: gunia moja la nailoni, kavu, lina tundu moja, gramu mia moja na kumi. Akasoma nilichoandika, akatazama mizani tena, akatia sahihi.